Chumba Ambacho Panya Hawakuingia

Nyinyi mnaopita na spika begani mkiuza dawa ya panya, nawasikia kila asubuhi nikiwa nimekaa hapa dirishani. Sauti zenu nzuri, sikatai, na muziki mmetia. Lakini juzi nilimwita mmoja wenu nikamuuliza, "Mwanangu, hiyo dawa mtu aiweke wapi?" Akanijibu, "Popote tu, mzee, panya mwenyewe ataiona." Nikamwacha aende zake. Magoti yangu hayaniruhusu tena kumfukuza mtu barabarani, ila mdomo bado mzima, ndiyo maana nimeona niseme.

Mimi dawa hizo nimeuza mpaka nikazeeka nazo. Za panya, za mende, za kunguni, za viroboto. Nikianza Gerezani naingia Kariakoo, nakata Msimbazi, nateremka mpaka Jangwani, narudi kwa njia nyingine ili wale walionitukana asubuhi wasinione tena jioni. Nilianza kwa koo langu mwenyewe, hakukuwa na spika. Zilipokuja hizi za kadi, dada mmoja wa duka la simu akanirekodi sauti. Alinirekodi vizuri kabisa, ila hakunifundisha kuizima.

Siku ya kwanza tu nikakatisha mtaa wenye msiba. Turubai limefungwa, watu wamekaa mikekani, shehe anaomba dua. Na mgongoni kwangu spika inauliza, "Wanakusumbua? Wanakunyima usingizi? Wamalize leo!" Nikabonyeza kitufe hiki, sauti ikapanda. Nikabonyeza kile, ikaanza upya. Nikavua shati nikaifunga, nikaikalia, na bado ikawa inanong'ona chini yangu kwamba wamalize leo. Akina mama wakaziba midomo kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika, sikujua kama wanalia au wanacheka. Nilibaki pale mpaka tukaenda kuzika, maana kuondoka hivi hivi ningeonekana sina adabu. Kwa hiyo jifunze kuzima kabla hujajifunza kuwasha.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Mzee Kibwana. Huyu alikuwa kuli kwenye maduka ya nafaka, akaacha kubeba magunia mgongo ulipogoma, akaanza kuuza mitego. Panya aliwajua kuliko majirani zake. Alikuwa akiniambia, "Athumani, usimtafute panya. Tafuta njia yake." Panya hapendi uwanja, anapenda ukuta. Anapita palepale kila siku, na mafuta ya manyoya yake yanaacha weusi ukutani, kama mkono wa mtoto aliyekula maandazi. Hapo ndipo pa kuweka mtego, mdomo ukiangalia ukuta. Chambo usikishike kwa mkono mtupu, vaa mfuko wa nailoni. Na kama hujui wanapopita, nyunyiza unga kidogo sakafuni ukalale. Asubuhi utasoma nani kapita.

Kuna jambo moja hakunifundisha, nikalikuta kwa wateja. Mama akinunua dawa, haniulizi kwa sauti. Anakuja karibu, ananong'ona, "Nipe ile ya wale jamaa." Ukisema panya, anakukanyaga mguu. Wanaamini panya anasikia, na akisikia umenunua sumu haigusi, anakula nguo zako kwa hasira. Nilikuwa nacheka. Halafu siku nyingine najikuta na mimi nanong'ona, na spika yangu iko mgongoni inawataja panya mtaa mzima. Sijawahi kuelewa nilikuwa namficha nani.

Sasa niwasimulie nyumba ya Bi Nuru. Nimewahi kuingia nyumba nyingi, lakini ile ndiyo iliyonivuruga akili.

Nilikuwa nimeshapita nyumba hiyo nikasikia mtu ananikimbilia nyuma. "Mzee wa spika! Simama hapohapo!" Muuzaji anaijua sauti ya mteja mwenye furaha, na ile haikuwa hiyo. Nikageuka nikamwona Rehema, msichana mwembamba aliyenunua dawa kwangu wiki iliyotangulia, amembeba mwanawe mchanga, mguu wa mtoto umefungwa kitambaa.

"Shikamoo," akasema, kwa hasira, lakini akasema.

"Marahaba, mama. Kuna nini?"

"Dawa yako hawaili. Na sasa wamemng'ata mtoto kidole cha mguu. Njoo uwaone panya wako."

Nikamwambia kwanza ampeleke mtoto hospitali. Akasema wametoka huko asubuhi hiyohiyo, kidonda kimesafishwa na sindano amechomwa. Basi nikamfuata. Nilikuwa sijazoea kuingia ndani ya nyumba za watu. Kazi yangu ilikuwa kuuza na kupita, mengine akahangaike nayo mnunuzi. Lakini kile kitambaa mguuni mwa mtoto kilinishinda kukipita.

Nyumba ilikuwa ya Kiswahili, ya zamani, moja ya zile zilizobaki zimebanwa katikati ya maghorofa. Korido katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma na choo. Chumba cha mbele alikaa mwenye nyumba, Bi Nuru, mjane mtu mzima sana, mwenye maneno machache. Cha katikati alikaa Rehema na mumewe Shabani, mkaanga samaki wa soko la Feri. Mwisho wa korido, vyumba viwili vilivyofuatana, alipanga Mama Glory, mama wa Kichaga kutoka Marangu, mwenye duka la nafaka mtaa wa pili. Kimoja alilala, kingine alifanya stoo. Glory mwenyewe alikuwa shule ya bweni huko kwao.

Chumba cha Rehema nikakuta hali mbaya. Mavi ya panya chini ya kitanda, sabuni imetafunwa, godoro limetobolewa pembeni. Nikasema moyoni, hapa rahisi, mume ananukia samaki kila siku, panya wanafuata harufu. Nikamwambia nguo za kazi za Shabani zikae uani. Rehema akaniangalia.

"Zinakaa uani tangu tuhamie," akasema. "Sasa twende nikuonyeshe kitu."

Akanipeleka mwisho wa korido, akabisha hodi. Mama Glory akafungua. Alikuwa mama mnene, kitambaa kichwani, anakaribisha watu kama bado yuko dukani. Nikamsalimia, nikaingia stoo. Magunia ya mchele, maharage, dagaa wakavu kwenye viroba, mengine yamefunguliwa nusu. Nikapiga magoti na tochi ya simu. Hakuna kitu. Hakuna mavi, hakuna gunia lililotobolewa, hakuna weusi ukutani. Mchele uko wazi kama sinia la harusi na hakuna aliyeugusa.

Nikazunguka tena. Nikanusa. Nikanyanyua kiroba cha dagaa nikakirudisha.

"Una paka?" nikamuuliza.

"Sina."

"Unaweka dawa gani?"

"Siweki dawa, mzee wangu. Naogopa itaingia kwenye chakula cha watu."

Rehema alikuwa amesimama korido, hataki hata kuvuka kizingiti. "Umeona?" akaniambia tulipotoka. "Kuna mchele, kuna dagaa, hawaendi. Wanakuja kula kidole cha mwanangu. Huyu mama amefunga vyumba vyake. Amewatuma kwetu."

Nilitaka kumwambia aache maneno hayo, ila ningemwambia nini badala yake?

Maneno hayo yalikuwa yameshatoka nje ya nyumba. Majirani walikuwa wanayajua. Na Bi Nuru alikuwa ameshamwambia Mama Glory atafute pa kuhamia mwezi ukiisha. Nilimsikia Mama Glory mwenyewe akinieleza uani, ananiteremshia kiti cha plastiki nikae.

"Nimekaa hapa tangu Glory hajazaliwa," akasema. "Bi Nuru ndiye aliyenikanda nilipojifungua. Sasa hata salamu yangu anaijibu akiangalia ukutani. Na mimi mwenyewe, mzee, sielewi. Kila nyumba mtaa huu ina panya. Wangu wako wapi?"

"Sijui, mama."

"Unajua nilivyofikiri?" Akashusha sauti. "Nilifunga siku kadhaa nikaombea hii stoo, maana mwaka juzi walinilia maharage mengi. Baada ya hapo wakatoweka. Nikatoa ushuhuda kanisani. Watu wakapiga vigelegele. Sasa najiuliza, Mungu gani huyo awatoe kwangu awapeleke kwa mtoto mchanga?"

Nilikunywa maji aliyonipa, nikamwomba unga.

Jioni ile nikanyunyiza unga wa sembe korido nzima, chumbani kwa Rehema na stooni kwa Mama Glory, nikawaomba watembee kwa tahadhari. Bi Nuru alikuwa mlangoni kwake ananitazama nikitembea kinyumenyume na bakuli kama mtu anayepanda mbegu.

"Shikamoo, Bi Nuru."

"Marahaba, mwanangu. Ukimaliza kuwapikia, wape na mchuzi."

Asubuhi nikarudi kusoma. Chumbani kwa Rehema kulikuwa na nyayo kama soko. Korido nako nyayo zimejaa kandokando ya ukuta, zinatoka upande wa uani, zinapita, zinakwenda kwenye mlango wa stoo ya Mama Glory. Mlango ule chini una uwazi ambao panya watatu wangepita wameshikana mikono. Nyayo zimefika pale, zimesimama, zimegeuka. Mpya zimefika, zimegeuka. Hakuna hata moja iliyovuka kizingiti.

Sitawaficha, nilirudi hatua mbili nyuma. Kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama yule binti alisema kweli.

Nikafungua stoo. Unga ulikuwa safi, hauna nyayo, isipokuwa katikati kulikuwa na alama moja ndefu imepinda huku na huku, kama mtu ameburuza kamba.

"Mama Glory, uliburuza kamba humu?"

"Kamba gani? Sijaingia tangu jana."

"Waya wa feni labda?"

"Feni iko chumbani, mzee."

Nikaandika moyoni kwamba ni kamba ya gunia, nikaendelea. Nyuma ya magunia ya maharage mkono wangu ukagusa kitu chepesi, nikadhani ni nailoni. Nikakivuta. Kikaja, kikaja tena, kikaendelea kuja. Kilikuwa kinapitisha mwanga na kina vigamba vidogo vidogo, vimepangika vizuri sana. Nilikishika muda mrefu nikishangaa ni mfuko wa kampuni gani. Halafu akili ikafika.

Nilitoka stooni taratibu, nikafunga mlango, nikaenda kusimama uani kwenye jua nikampigia Mzee Kibwana. Alikuwa ameshastaafu, anakaa kwa binti yake.

"Gamba la nyoka?" akasema. "Basi umepata jibu. Panya akinusa nyoka haingii, hata umtandikie wali. Ameletwa na gunia huyo. Ana mistari usoni?"

"Mzee, uso sijauona. Nimeona koti lake tu."

"Wapo wa nyumbani, wa rangi ya kahawa na mistari usoni, hawana sumu. Lakini kama hujamwona, usijifanye unamjua. Nyoka usiyemjua mhesabu ana sumu."

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi nauza mitego ya panya," akasema, akakata.

Mnaweza kufikiri nilifurahi, maana fumbo limefumbuliwa. Hapana, ndipo lilipoanza. Nyinyi ni watu wa hapahapa, mnajua maneno ya mtaa. Mfanyabiashara wa Kariakoo, magunia hayaguswi, duka linakwenda vizuri, na stooni ana nyoka. Nani angeniamini nikisema amekuja mwenyewe? Wangesema ni nyoka wa utajiri, anafugwa. Nikinyamaza, Mama Glory anafukuzwa kwa uchawi. Nikisema, anapigwa kwa uchawi. Kile kilichomtoa hatiani ndicho kilichomtia.

Nikamwita pembeni nikamwambia kila kitu, nikamwonyesha na lile gamba nililolikunja mfukoni. Alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kwanza akainua miguu juu, maana alikuwa mwoga wa nyoka kupita kiasi, hata picha yake haitaki. Halafu akaanza kucheka machozi yakimtoka.

"Nimetoa ushuhuda," akasema. "Mbele ya kanisa zima. Nitarudi niseme kwamba alikuwa nyoka? Nyoka, mzee! Kati ya viumbe vyote!"

"Naweza kumtoa kimyakimya nikaenda kumtupa."

"Ukimtoa kimyakimya, panya wataingia kwangu, halafu watasema nimeona nimejulikana nikafungua uchawi wangu." Akajifuta uso kwa kitambaa. "Au waite wote waone? Hapana. Wakiona wataniua. Wewe unaonaje?"

Nikamwambia ukweli kwamba sioni. Tukabaki pale watu wazima wawili tunaangalia mlango wa stoo.

Mwishowe akaamua tumtafute kwanza, mengine yatajulikana mbele. Ilikuwa mchana, umeme umekatika, joto kali. Kwa sababu ya joto Rehema alikuwa ametandika mkeka korido nje ya chumba chake, mtoto amelala juu yake na yeye anamenya vitunguu pembeni. Nilimwomba aingie ndani. Hakusogea, alikuwa ameshaacha kuniamini. Nilipaswa kumwambia sababu, na sababu ndiyo niliyokuwa naificha.

Nikaingia stoo na ufagio wa mti mrefu na beseni kubwa la kufulia. Nikavuta gunia la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu nikaona kitu cha kahawia kimejikunja ukutani, kinene kuliko nilivyotarajia, kikaanza kujikunjua bila haraka. Mpango wangu ulikuwa nimfunike beseni. Badala yake nilijikuta nimesimama juu ya gunia la mchele na beseni nimelivaa kifuani. Nyoka akapita chini yangu, akapita chini ya uwazi wa mlango, akatokea korido.

Nikasikia Rehema anavuta pumzi. Hakupiga kelele. Niliporuka nikafungua mlango nilimwona amekauka, kisu mkononi, macho yamemtoka, na yule nyoka anafuata ukuta kuelekea palepale kwenye mkeka. Mama Glory alikuwa upande wa uani. Sijui aliwezaje. Mama yule mnene, mwoga wa picha ya nyoka, alishika gauni lake akamruka, akatua kwenye vitunguu, akamnyakua mtoto kwenye mkeka na kwenda naye mpaka mbele ya korido, na hapo ndipo yeye alipopiga kelele kwa niaba yetu sote.

Kariakoo ukipiga kelele mchana husubiri watu, wapo tayari. Mlango wa mbele ukajaa. Na mimi hatimaye nikaangusha beseni juu ya nyoka nikalikalia. Nikasikia anagonga chini yangu.

"Nini?"

"Nyoka! Ametoka stooni kwa yule mama!"

"Si tulisema? Nyoka wa utajiri huyo!"

Mwanaume mmoja mlangoni alikuwa na kipande cha tofali, sijui alikiokota wapi haraka vile. Wengine wakaanza kusukumana waingie. Mama Glory alisimama na mtoto wa mwenzake kifuani, anatikisa kichwa. Nikajaribu kusema ni nyoka wa kawaida, ameletwa na gunia. Hakuna aliyenisikia. Watu hawamsikilizi mtu aliyekaa juu ya beseni.

Hapo mlango wa chumba cha mbele ukafunguka, Bi Nuru akatoka. Alitembea kwa mkongojo wake mpaka kati ya Mama Glory na lile kundi, akasimama. Hakupaza sauti.

"Nani amesema utajiri?" akauliza. "Utajiri gani, na bati langu linavuja? Huyo nyoka ni wa nyumba hii. Marehemu mume wangu alikuwa akimwona darini, akasema tumwache, anatupunguzia panya. Kama mnamtafuta mwenye nyoka, ni mimi. Haya, nani anaanza?"

Yule wa tofali akaliangalia tofali lake kana kwamba limewekwa mkononi mwake na mtu mwingine. Nusu ya watu wale Bi Nuru alikuwa amewakanda mama zao. Mmoja akasema, "Samahani, bibi." Mwingine akasema ana mteja dukani. Wakatawanyika, wa mwisho akatufungia na mlango.

Rehema alikuwa bado na kisu cha vitunguu. Akakiweka chini, akamwendea Mama Glory. Nilidhani anakwenda kumchukua mtoto. Hakumchukua. Alimshika mkono tu, akasema, "Umekanyaga vitunguu vyangu vyote," na wote wawili wakaanza kulia.

Mimi nikauliza kama kuna mtu ana kipande cha mbao. Tukakipitisha chini ya beseni polepole, tukafunga kwa kamba na kanga. Nikabeba mzigo ule kichwani mpaka Jangwani, bondeni karibu na mto, kwenye magugu ambako hakuna nyumba. Kila niliyepishana naye aliniuliza leo nauza nini. Nikamwachia nyoka akaenda, kichwa nikakiona kwa nyuma tu. Mistari sikuiona. Mpaka leo sijui kama nilibeba nyoka mwenye sumu au asiye na sumu. Nyinyi msifanye kama mimi. Tafuteni watu wanaowajua nyoka.

Wiki ile ile Mama Glory akanipigia simu. "Mzee wangu, wamekuja! Wametoboa gunia!" Sijawahi kusikia mtu akitangaza hasara kwa furaha kama ile. Sasa alikuwa na panya kama watu wengine.

Nikaenda, na safari hii nikafanya kazi niliyopaswa kufanya tangu mwanzo, kutafuta njia yao. Nyumba ya jirani ilikuwa imebomolewa kujengwa ghorofa, panya wake wote wakahama. Walikuwa wanaingia uani, kwenye tundu la bomba la maji nyuma ya sinki, na wengine juu, maana dari la nyumba zile ni moja, halina ukuta kati ya chumba na chumba. Tundu nikalijaza ile waya ya kusugulia masufuria, nikaziba kwa saruji. Saruji peke yake panya anaitafuna ikiwa mbichi, waya inamchoma meno. Shabani akapanda darini akaziba kwa mabati. Magunia tukayainua juu ya mbao, mbali na ukuta. Mitego Rehema na Mama Glory waliitega pamoja, wakibishana nani anakata vizuri nazi ya chambo. Kuisha hawakuisha, hii ni Kariakoo, lakini mtoto alilala bila kuguswa. Mama Glory hakuhama. Ushuhuda wake sikumuuliza aliufanyaje.

Nilichotaka kujua mimi ni kingine. Mzee Kibwana alisema nyoka ameletwa na gunia, na Mama Glory alisema panya walianza kukimbia mwaka juzi tu. Mume wa Bi Nuru alikufa zamani sana. Alimwona nyoka gani huyo darini? Na kama Bi Nuru alijua nyumba ina nyoka, kwa nini alimwambia Mama Glory ahame? Nililigeuza jambo hili kila upande. Siku nyingine naamini alisema kweli. Siku nyingine naona kabisa alitunga palepale mlangoni, akabeba jina baya la mtu mwingine akiwa na umri ule.

Siku moja nikapita, akaniita nikanywe chai kibarazani. Nikajipa moyo.

"Bi Nuru, nisamehe kwa kukuuliza. Yule nyoka, kweli ulikuwa unamjua?"

Akaendelea kukoroga sukari. Ndani ya korido Mama Glory alikuwa anambembeleza mtoto wa Rehema kwa wimbo wa Kichaga.

"Nyumba ni yangu, mwanangu," akasema. "Aliyemo ni wangu."

Nikangoja aendelee. Akanisogezea kikombe, akaniambia ninywe kabla hakijapoa.